Pool vijijini: Fimbo ya bei chee nyuma ya siti si anasa

Katika kata ya Balangdalalu, wilayani Hanang, ni vigumu kumdanganya mtu kuhusu fimbo. Hii ni nchi ya wafugaji. Mzee wa Kibarbaig au wa Kiiraqw akiletewa fimbo mpya hahangaiki na rangi yake. Ataishika katikati apime uzito, ataiinua usawa wa jicho aone kama imenyooka, kisha ataigusisha chini aone inavyokaa mkononi. Isipomridhisha, anairudisha.

Ajabu ni kwamba kijana wa mzee huyohuyo, jioni akifika kwenye meza ya pool, anachukua fimbo yoyote aliyoikuta imeegemezwa ukutani. Imepinda, ngozi ya nchani imeisha, kitako kimefungwa utepe wa fundi umeme. Anaishika hivyo hivyo, anapaka chaki kwenye mbao tupu, na anaweka hela yake mezani.

Akishindwa, anasema hana bahati. Wenzake wanamwambia hajui. Fimbo haitajwi kabisa, na kesho yake inakuwa palepale ukutani ikimsubiri mwingine.

Hapo ndipo lilipo suala ambalo kurasa za michezo huwa zinalipita haraka. Pool ni miongoni mwa michezo michache iliyofika mpaka senta za vijijini bila kusubiri uwanja, kocha wala bajeti ya halmashauri. Lakini umefika na meza tu. Vifaa vya kuuchezea kwa haki vimebaki mjini.

Ndiyo maana siku hizi dereva wa Fuso, wa Noah au wa Probox anayezunguka na wafanyabiashara wa minada, akiwa na fimbo yake ya bei chee nyuma ya siti, si wa kuchekwa. Amefanya hesabu ambayo wengi hawajaifanya.

Fimbo mbovu inamla nani?

Utaratibu wa meza nyingi za vijijini unajulikana. Mshindi anabaki, aliyeshindwa analipia mchezo na kukaa pembeni kusubiri zamu. Kwa hiyo kila kosa lina bei yake. Mpira mmoja uliokataa kuingia shimoni unaweza kumtoa mtu mezani usiku mzima.

Sasa angalia fimbo inavyofanya kazi. Kinachogusa mpira mweupe ni kile kipande kidogo cha ngozi kilichobandikwa nchani. Ngozi ikiwa na umbo la kuba dogo na ikapakwa chaki, inaung'ang'ania mpira kwa muda mfupi sana wa pigo. Muda huo mfupi ndio unaomwezesha mchezaji kuurudisha mweupe nyuma, kuusukuma mbele au kuuzungusha upande.

Ngozi ikiisha, kinachobaki ni mbao au chuma kugonga mpira laini. Hapo ukipiga nje kidogo ya katikati, fimbo inateleza. Mweupe unakwenda unakotaka wenyewe. Mchezaji anabaki na pigo la aina moja tu, la katikati na kwa nguvu, na mchezo wa akili unageuka kuwa wa kubahatisha.

Fimbo ikiwa imepinda, tatizo ni jingine. Kila unapoizungusha mkononi, ncha inahama. Unalenga katikati, unapiga pembeni. Wenyeji wa meza wanalijua hilo, na wanajua pia namna ya kuishika fimbo ile ili upinde wake uangalie juu au chini, usiangalie kushoto wala kulia. Wanajua na meza yenyewe imelalia upande gani.

Mgeni hajui. Dereva aliyeingia jioni kulala, mnunuzi wa ng'ombe aliyetoka Singida, kijana aliyetoka kijiji cha jirani, wote wanacheza dhidi ya mtu, dhidi ya meza na dhidi ya fimbo. Huko kwenye soka wanaita faida ya uwanja wa nyumbani. Kwenye pool ya vijijini, faida hiyo inaweza kuwa kubwa kuliko uwezo wa mchezaji.

Mwenye fimbo yake hawezi kuinyoosha meza ya watu. Lakini anaondoa nusu ya tatizo. Mkono wake unajua uzito wake, jicho lake linajua urefu wake. Akikosa, anajua amekosa yeye. Huo ndio mwanzo wa kujifunza, kwa sababu mtu hawezi kurekebisha kosa ambalo hajui ni la nani.

Bei ndogo haijawahi kuwa kosa

Wapo wanaosema fimbo ya bei ndogo ni kupoteza hela, heri mtu asinunue kabisa. Historia ya mchezo wenyewe inawakatalia.

Stephen Hendry, Mskochi aliyetawala snooker, ambayo ni ndugu wa karibu wa pool, alitwaa ubingwa wa dunia mara 7 kati ya mwaka 1990 na 1999. Mataji yote hayo aliyachukua kwa fimbo moja aliyokuwa nayo tangu utotoni, fimbo ya dukani ya kama pauni 40. Kwa mtu aliyeshinda mamilioni ya pauni, hiyo ni bei ya kawaida kabisa.

Kinachofundisha zaidi ni namna fimbo ile ilivyokufa. Haikuchoka kwa kucheza. Mwaka 2003 ilivunjika safarini, ikiwa mzigo kwenye ndege. Miaka yote ya mapigo, fainali na presha haikuifanya kitu. Usafiri ndio ulioimaliza.

Somo kwa dereva wa Hanang limekaa hapo. Fimbo ya bei ndogo iliyonyooka inaweza kumfikisha mtu popote. Adui wake mkubwa si mpinzani wala bei. Ni gari.

Jua, vumbi na baridi ya usiku

Mbao ni kitu kinachopumua. Inavuta unyevu na kuutoa, inavimba na kusinyaa. Fimbo ya pool ni kipande chembamba na kirefu cha mbao, hivyo upande mmoja ukikauka haraka kuliko mwingine, inapinda.

Gari lililofungwa vioo na kuachwa juani ni kama tanuri. Nje kukiwa na nyuzi joto 30, ndani inaweza kupita 45 katika muda wa saa moja, na juu ya dashibodi ni zaidi ya hapo. Jioni inaingia, na kwenye nyanda za juu zinazouzunguka Mlima Hanang, wenye kimo cha zaidi ya mita 3,400, baridi inashuka. Mchana tanuri, usiku friji. Fimbo inayolala garini inapitia hali hiyo kila siku.

Joto linalegeza pia gundi inayoshika ngozi ya nchani. Wengi wamewahi kutoa fimbo kwenye gari, wakapiga pigo la kwanza, ngozi ikaruka na kupotelea sakafuni. Lawama zinamwendea muuzaji, kumbe kosa ni la mahali ilipowekwa.

Ongeza barabara. Ukiiacha lami ya Singida kwenda Babati na kuingia njia za vijijini, gari linatetemeka na vumbi linapenya kila mahali. Chembe za mchanga zikiingia kwenye nyuzi za maungio ya fimbo, zinasaga kidogokidogo kila inapofungwa na kufunguliwa. Baada ya muda fimbo inacheza katikati, na pigo linatoa mlio wa kitu kilichopasuka.

Kwa hiyo swali la fimbo ya kuweka kwenye gari halifanani na swali la fimbo ya kuweka nyumbani. Nyumbani unatafuta fimbo nzuri kadiri ya uwezo wako. Kwenye gari unatafuta fimbo itakayovumilia, na ambayo ikivunjika au ikiibwa hutashindwa kujaza mafuta kesho.

Anza na mipira, usianze na duka

Kosa la kwanza la wanunuzi ni kuingia dukani bila kujua wanakwenda kupiga mipira gani. Kuna meza za mtindo wa Kiingereza zenye mipira midogo ya kipenyo cha milimita 51 hivi, mara nyingi nyekundu na njano. Kuna za mtindo wa Kimarekani zenye mipira ya namba, mikubwa zaidi, milimita 57.

Fimbo zake zinatofautiana. Ya mipira midogo ina ncha nyembamba ya milimita 8 au 9. Ya mipira mikubwa ina ncha ya milimita 12 au 13. Ukipiga mpira mdogo kwa ncha pana, huoni vizuri unapogusa. Ukipiga mpira mkubwa kwa ncha nyembamba, inahitaji mkono uliotulia sana na fimbo inachoka haraka.

Dereva anayezunguka minada anakutana na meza za kila aina. Kwake, ncha ya milimita 10 hivi ni njia ya katikati inayovumilika. Haitakuwa bora kabisa popote, lakini haitamwangusha popote.

Uzito nao si wa kujionyesha. Fimbo nyingi ziko kati ya gramu 500 na 600. Mchezaji wa kawaida yuko salama kwenye gramu 510 hadi 540. Nzito zaidi inasaidia kufungua mchezo kwa kishindo, lakini inasumbua kwenye pigo dogo la karibu, na mapigo madogo ndiyo yanayomaliza mchezo.

Kwa ajili ya gari, fimbo ya vipande viwili ndiyo yenye maana. Ikiwa nzima ina sentimita 145 hivi, ikikunjuliwa kila kipande kinakuwa kama sentimita 73 na kinaingia nyuma ya siti bila kumgonga abiria. Ya kipande kimoja itaishia kulazwa kwenye dashibodi, na hapo imeshakufa.

Baada ya hapo ndipo kazi ya jicho inapoanza. Fimbo inalazwa juu ya meza na kuviringishwa polepole. Ikinyooka, inakwenda kimya. Ikipinda, ncha inaruka juu na chini na mwanga unaonekana ukifunguka na kufunga chini yake. Kila kipande kiviringishwe peke yake, halafu vifungwe na kuviringishwa pamoja, kwa sababu vipande viwili vilivyonyooka vinaweza kukutanishwa na maungio yaliyopinda.

Maungio yenyewe yafungwe mpaka mwisho bila kulazimisha, na pande mbili zikutane bila kuacha upenyo wa kuingiza ukucha. Fimbo ikishafungwa, igongwe taratibu kwa kiganja. Ikitoa mlio wa kitu kinachocheza ndani, irudishwe rafuni.

Ngozi ya nchani iwe ya kubandikwa kwa gundi, si ile ya kuskurubu. Ya kuskurubu inaonekana rahisi, lakini ikilegea njiani na nyuzi zikaisha, kupata nyingine ya kipimo kilekile senta ya kijijini ni kazi. Ya kubandika inahitaji ngozi ya akiba, gundi na kipande cha msasa, vitu vinavyoingia mfukoni.

Kuhusu malighafi, watu wa mbao watabisha, lakini kwenye gari fimbo iliyovishwa ganda la nyuzi za kioo au grafiti ina hoja yake. Pigo lake halina utamu wa mbao na fundi seremala hawezi kuisaidia. Lakini unyevu hauingii kirahisi, na inastahimili joto kuliko mbao ya bei hiyohiyo. Anayepiga kwa ajili ya utamu achukue mbao na akubali kuibeba mkononi kila anaposhuka. Anayeiacha garini wiki nzima achukue yenye ganda.

Mwisho ni pa kuihifadhi. Mikoba ya kitambaa inayouzwa na fimbo inazuia vumbi tu. Bomba la maji la plastiki la inchi 3, likikatwa sentimita 80 na kuzibwa pande zote mbili, likatandikwa kitambaa ndani, linazuia mtikisiko na linapunguza kishindo cha joto. Lilazwe chini ya siti au nyuma yake, mbali na kioo, mbali na injini. Halisimamishwi wala kuegemezwa. Lina faida nyingine pia. Kwenye ukaguzi wa barabarani, fimbo iliyo kwenye kifuko chake inaeleweka ni kifaa cha mchezo. Kitako kinachochungulia chini ya siti kinazua maswali.

Hoja ya kamari na uvivu

Wapo watakaosema mjadala wote huu ni wa kuwapamba wavivu. Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Mwaka 2016 Rais John Magufuli, akizungumza na wakuu wa mikoa, alikerwa na vijana wanaocheza pool asubuhi wakati wengine wako kazini, na akaagiza wasiachwe hivyo hivyo. Tangu hapo neno pool limebaki na doa. Mzazi wa kijijini akisikia mwanawe ana fimbo yake, anaona kijana ameshapotea.

Na ni kweli kwamba meza nyingi zinaishi kwa hela za kuwekeana. Anayenunua fimbo akidhani itamrudishia gharama kwa kuwala wenzake amejidanganya. Akishinda mno, hatapata wa kucheza naye. Akishindwa, amepoteza mara mbili.

Lakini fimbo mbovu haijawahi kupunguza kamari. Inaiongeza. Pale ambapo ufundi hauna nafasi, kinachobaki ni bahati, na bahati ndiyo mama wa kamari. Mchezo ukiwa na vifaa vinavyoeleweka, anayejua anaonekana na asiyejua anaonekana, hata watazamaji wanaanza kuongelea pigo badala ya kuongelea hela. Suala la saa za kucheza ni la sheria na nidhamu, na dereva aliyekwisha shusha mzigo wake jioni hana kesi ya kujibu hapo.

Kuna lalamiko jingine, na hili linatoka mezani kwenyewe. Mwenyeji akimwona mgeni anafungua bomba lake, anasema huyo amekuja kutuibia. Jibu lipo na ni la kiungwana. Mwenye fimbo aiweke mezani, wachezaji wote wawili waitumie. Anayekataa kupigia fimbo iliyonyooka amekiri kwamba alikuwa anategemea ile iliyopinda. Na anayekataa kumwazima mpinzani wake amekiri kwamba hakuja kucheza, amekuja kuwinda.

Mzigo usiwe wa dereva peke yake

Pool nchini si mchezo wa uchochoroni tu. Una chama chake cha taifa, TAPA, na kwa miaka kadhaa ulikuwa na mashindano makubwa yaliyodhaminiwa na Kampuni ya Bia Tanzania kupitia Safari Lager, yakianzia mikoani hadi fainali za taifa. Uganda wamekwenda mbali zaidi, wana ligi ya klabu yenye wadhamini wa uhakika, na kwa mchezaji wa ligi kuwa na fimbo yake ni jambo la kawaida.

Mashindano ya namna hiyo yanawakuta wachezaji wa mjini wakiwa tayari na vifaa. Kijana wa Balangdalalu akifika Babati, makao makuu ya mkoa, anakutana na meza iliyonyooka na mpinzani mwenye fimbo anayoijua. Yeye kazoea kufidia upinde wa fimbo ya ukutani. Mkono wake umejifunza makosa ya kifaa, na sasa kifaa hakina makosa. Anatolewa raundi ya kwanza, na watu wanasema vijijini hakuna vipaji.

Dawa yake si ghali. Mwenye meza anayekusanya hela kila jioni anaweza kubandika ngozi mpya inapoisha, akaweka chaki, na akaacha kuegemeza fimbo ukutani. Kibao chenye matundu cha kuzisimamisha wima ni kazi ya seremala ya nusu siku. Fimbo mbili zilizonyooka zinaleta wachezaji wengi kuliko spika kubwa. Chama nacho, kabla ya kutafuta mdhamini wa fainali, kinaweza kuanza na kitu kidogo, kuhakikisha kila kituo cha mchujo wilayani kina fimbo zinazofanana kwa wote.

Mpaka hapo patakapofika, kazi inabaki kwa mtu mmoja mmoja. Dereva anayepita Balangdalalu leo, Basotu kesho na Katesh keshokutwa, akiwa na bomba lake la plastiki nyuma ya siti, habebi fimbo yake peke yake. Kila senta anayosimama na kuiazimisha, kuna kijana anayeipiga kwa mara ya kwanza na kugundua kwamba mweupe unaweza kurudi nyuma, na kwamba miezi yote ile hakuwa mbovu kama alivyoambiwa.

Kijana huyo akirudi nyumbani, amuulize mzee wake namna ya kuchagua fimbo. Mzee pool haijui, pengine haitaki hata kuisikia. Lakini atamwambia aishike katikati, aiinue usawa wa jicho, na isiponyooka airudishe ilikotoka.